Mwito wa Saa Kumi

Vaduz, 21 Juni 1966

Baba mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko malishoni Valdura, pamoja na Baba mdogo Luzi na ng'ombe wote. Mimi sijambo, ila miguu imevimba kwa kutembeza wageni tangu Pasaka. Je, theluji imeisha kule juu? Majani yametosha?

Kazi naipenda, Baba, ila ina mashaka. Kila siku napokea basi mbele ya posta. Wote ni watu wanaoiona nchi yetu kwa mara ya kwanza. Nawaonyesha kasri la Mtawala juu ya jabali, nao wanauliza tunaingia saa ngapi. Nawaambia hatuingii, mle wanaishi watu. Wananuna. Nawapeleka kwenye daraja la mbao la mto Rhine, wanaweka mguu mmoja Uswisi na mmoja kwetu, wanapigana picha, wanacheka. Halafu stempu, halafu mhuri kwenye pasipoti, halafu ngome ya Balzers, halafu tambi za jibini na rojo la tufaha, basi. Jana mama mmoja wa Kiholanzi alitazama saa yake akaniuliza, "Ndiyo yote?"

Bwana Frommelt, mwenye mabasi, ameniambia waziwazi kuwa nchi yangu inaisha kabla ya chakula cha mchana. Amenipa mpaka mwisho wa Agosti nimtafutie kitu ambacho mgeni hakioni kwingine. La sivyo atamchukua binti wa Feldkirch anayejua lugha tano.

Nimekuwazia wewe. Ule mwito wako wa jioni, unapoita sala kwa ile faneli ya mbao ya kuchujia maziwa na milima inaitikia, hao watu hawajawahi kusikia kitu kama hicho. Naweza kuwaleta kila Alhamisi, watembee kutoka mwisho wa barabara. Shida ni moja tu: basi lazima liondoke saa kumi na moja, kwa sababu wanalala Innsbruck. Ungeweza kuita saa kumi? Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Na mwenyeji anayehitaji kupona ni mimi.

Nijibu upesi, Baba.

Binti yako,
Sefa

Valdura, 27 Juni 1966

Sefa mwanangu,

Milele, amina. Barua yako nimeipata, imekuja na trekta ya jibini na inanuka jibini. Sisi ni wazima. Luzi amepanda kwenye malisho ya juu na mitamba, amenenepa, anasema ni hewa. Theluji imebaki kwenye korongo tu.

Sasa hilo la saa kumi. Mwanangu, umekulia hapa, lakini naona Vaduz imekusahaulisha, basi nikukumbushe. Mwito si wimbo. Unaitwa jua likizama, kwa sababu usiku ndio unaokuja na mabaya yake. Sauti inapofika, ndipo ulinzi unapofika: ng'ombe, watu, kibanda, vyote. Ukiita mchana unalinda nini? Unalinda mchana.

Na liko la pili, hilo si la dini, ni la miguu. Luzi anateremka kila jioni kutoka juu. Kwenye ukungu huoni hata mkono wako, na unajua njia ile inavyopita ukingoni mwa genge. Anashuka kwa kufuata sauti yangu. Akiisikia upande wa kulia, yuko njiani. Akiisikia mbele yake, asimame, kwa sababu mbele ni hewa tupu. Hivyo ndivyo baba yetu alivyoshuka, na baba yake.

Mzee wa zamani hapa aliwahi kuita mwito kwa mzaha, amelewa, adhuhuri. Wanasema mlima ulimjibu kwa sauti isiyo yake. Mimi siyaamini sana hayo, lakini sijawahi kuyajaribu.

Mgeni umlishe siku mbili, ya tatu umpe jembe. Waambie hao wageni wako waje na majembe.

Baba yako,
Engelbert

Vaduz, 2 Julai 1966

Baba mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Nashukuru kusikia nyote ni wazima. Mimi mzima wa mwili tu.

Sikuombi uache mwito wa jioni. Ita saa kumi kwa ajili yangu, kisha ita jioni kwa ajili ya Baba mdogo, kama kawaida. Mara mbili kwa siku, siku moja kwa wiki. Nani ataumia? Kama sala moja ni njema, mbili ni njema zaidi. Padri mwenyewe anasoma misa mbili Jumapili.

Baba, nikikosa kazi hii nitarudi kufua mashuka ya hoteli. Unakumbuka mikono yangu ilivyokuwa mwaka ule. Sijawahi kukuomba kitu tangu Mama afe.

Nitakuja na kundi la kwanza Alhamisi ya tarehe saba. Ukikataa, kaa ndani tu, nitawaambia mchungaji ni mgonjwa.

Binti yako,
Sefa

Valdura, 16 Julai 1966

Sefa mwanangu,

Milele, amina. Sisi ni wazima, asante kwa asali na zile peremende za koo.

Basi umeniweza. Alhamisi mbili sasa nimesimama pale juu ya jiwe kama jogoo wa mnara wa kanisa, na watu wamevaa viatu vya mjini wananipiga picha. Yule bwana mwenye kofia nyekundu alipiga makofi katikati ya jina la Mtakatifu Wendelini, mlinzi wa mifugo. Nilitaka kumtupia faneli. Lakini nilikuona umesimama pembeni unacheka kwa furaha, na sikuwa nimekuona hivyo siku nyingi.

Hata hivyo nikuambie yanayotokea, maana wewe unaondoka saa kumi na moja na sisi tunabaki. Ng'ombe wanajua mwito kuwa ni mwisho wa siku. Alhamisi wakiusikia saa kumi wanakuja bandani, wanalala. Halafu hawaelewi, wanaamka, wanatoka tena, na giza linawakuta wametawanyika. Alhamisi iliyopita tulimkuta Brauna chini ya mkondo wa mawe, amevunjika mguu. Ilibidi tumchinje. Ng'ombe wa miaka kumi na moja, hakuwahi kukosea njia.

Luzi anafanya masihara, unamjua. Anasema watakatifu sasa wanakuja saa kumi, wanakuta hatujamaliza kukamua, wanarudi zao, na jioni zamu haina mtu. Tulicheka. Baadaye nilimwona anafanya ishara ya msalaba.

Anapenda kunitania pia kutoka kule juu. Akifika karibu kwenye ukungu ananyamaza makusudi, niite na kuita, kisha anatokea nyuma yangu ananigusa bega. Siku moja nitamlipa.

Sauti yangu inakwaruza kidogo. Ni vumbi la majani.

Baba yako,
Engelbert

Valdura, 8 Agosti 1966

Sefa mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini u mzima. Hujajibu barua yangu, lakini nakuona Alhamisi, basi si neno, ingawa Alhamisi huwa unaongea na wao tu.

Nimeshuka Triesenberg kwa daktari. Amenitazama kooni kwa kioo, akasema kumevimba vibaya. Ameniamuru ninyamaze wiki tatu. Nikamwambia hiyo ni kazi ya watawa, mimi nina ng'ombe. Tukapatana: nisizungumze ovyo, na mwito niite mara moja tu kwa siku. Mara moja, Sefa. Amesema nikizidisha, sauti inaweza kukatika palepale na nisijue itarudi lini.

Luzi sijamwambia. Angenicheka mpaka Krismasi, na tena angeanza kunifanyia kazi zangu kama vile mimi ni kizee.

Kwa hiyo Alhamisi sasa ni moja kati ya mbili: wageni wako au jioni. Na jioni si yangu kuitoa. Hewa imebadilika huku. Asubuhi kunakuwa na joto la upepo wa kusini, milima inaonekana karibu kama unaweza kuigusa, halafu ghafla ukungu unapanda kutoka bondeni. Kunguru wamehamia kwenye genge. Sipendi.

Waonyeshe daraja mara mbili.

Baba yako,
Engelbert

Vaduz, 12 Agosti 1966

Baba mpendwa,

Milele, amina. Pole sana na koo. Nimekutumia majani ya mrehani wa porini, chemsha, unywe moto. Jana tulikaa mjini kwa sababu ya barua yako, na Bwana Frommelt alikasirika, lakini nilisimama imara.

Sasa nakuomba moja tu, ya mwisho kabisa. Alhamisi ya tarehe kumi na nane anakuja bwana mmoja wa redio kutoka ng'ambo na mashine ya kunasia sauti. Anakusanya vitu vya milimani. Atakapokunasa, nitakuwa na mwito wako kwenye mashine, nitawasikilizisha wageni hapahapa mjini, na wewe hutasumbuliwa tena. Huoni kuwa ndilo jambo lenyewe la kukupumzisha? Bwana Frommelt ameahidi kwamba hilo likifanikiwa nafasi ni yangu ya kudumu.

Ita mara moja tu, taratibu. Sauti ya jioni itabaki. Na kama haikubaki, Baba mdogo amepita njia ile maisha yake yote, anaijua hata akiwa amelala. Jioni moja, Baba.

Tutafika saa tisa na nusu.

Binti yako,
Sefa

Vaduz, 19 Agosti 1966, asubuhi

Baba mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Nakuandikia kabla sijafungua ofisi, kwa sababu furaha yangu haitulii. Natumaini umelala vizuri na koo limepoa.

Jana ilikuwa siku nzuri kuliko zote. Yule bwana hakuongea njia nzima mpaka daraja la Rhine. Alisema amezunguka nchi nyingi na hajasikia kitu kama wewe. Najua ulichoka. Mara ya kwanza upepo uliharibu, ya pili yule mtoto wa Kijerumani alikohoa, ya tatu mashine ilikwama. Lakini ya nne, Baba, ya nne ilitoka safi kabisa. Nilipokuambia "Baba, mara ya mwisho" ulinitazama kwa namna fulani nikafikiri utakataa. Asante kwa kutokataa.

Na ukungu ule ulipoanza kupanda kutoka bondeni wageni walifurahi kupita kiasi. Walisema ni kama pamba. Ilibidi niwasukume kuingia kwenye basi.

Kazi ni yangu. Bwana Frommelt amenipa mkono. Jumapili nitakuletea keki, na chupa ya mvinyo wa hapa kwa Baba mdogo, mwambie asinitanie.

Binti yako mwenye furaha,
Sefa

Vaduz, 30 Agosti 1966

Baba,

Tumsifu Yesu Kristo. Sijui nikuulize vipi hali yako. Mimi sili, silali.

Siku ya mazishi nilisimama karibu nawe kaburini na hukunitazama. Nilikushika mkono, ukauacha mkononi mwangu kama kitu ulichokisahau. Watu waliniambia huna sauti, hata ya kunong'ona, na kwamba daktari hajui kama itarudi. Lakini mtu asiye na sauti anaweza kutazama.

Hapa mjini wanasema ni ukungu. Wanasema kila miaka kadhaa mlima unachukua mtu, na Baba mdogo alikuwa na umri mkubwa, na alirudi juu kumtafuta mtamba aliyepotea, na aliteleza. Mwenye duka la mikate aliniambia hakuna wa kulaumiwa. Nilinunua mkate nikatoka mbio, nikalia kwenye uchochoro wa posta.

Kwa sababu mimi najua kitu ambacho yeye hajui. Ninajua uliita mara nne.

Ile barua yangu ya asubuhi ile, kama ungeweza kuichoma kabla hujaisoma, ningeshukuru. Trekta ilikuwa imeshaondoka nilipopata habari.

Bwana Frommelt anaendelea. Anauza nafasi za basi la siku ya kuteremsha ng'ombe, tarehe kumi na saba Septemba, wageni waje kuona vichwa vya ng'ombe vilivyopambwa maua. Ameniuliza pia kama lile genge linaonekana kutoka barabarani. Nilimwambia sijui.

Baba, niandikie ilivyokuwa. Nataka niisikie kutoka kwako, si kwa mwenye mikate. Na kama unaweza, niambie si sisi. Sitauliza tena.

Sefa wako

Valdura, 8 Septemba 1966

Sefa mwanangu,

Milele, amina. Mwili wangu ni mzima. Nimeanza barua hii mara nyingi nikaitia motoni. Sasa nitaiandika mpaka mwisho, kwa sababu kusema siwezi, na wewe umeuliza.

Mlipoondoka, nilikunywa yale majani yako nikanyamaza. Nilifikiri imebaki sauti kidogo ya jioni. Luzi alikuwa ameshusha mitamba mapema, mmoja akapungua, akarudi juu. Kabla ya kupanda aliniambia ukungu ni mzito, niite kwa nguvu leo. Hapo ndipo ningemwambia. Nilitikisa kichwa tu, kukubali, kwa sababu nilikuwa naitunza sauti, na kwa sababu niliona aibu. Hilo ni langu, Sefa, wewe haumo.

Jua likazama bila kuonekana. Nilipanda juu ya jiwe nikashika faneli nikafungua mdomo. Ilitoka hewa. Nilijaribu tena, ikatoka hewa na damu kidogo. Niligonga ndoo ya maziwa, lakini mlio wa ndoo kwenye ukungu unatoka kila upande, na ng'ombe wote wana kengele, wote walianza kutembea na kulia kwa hofu. Niliwasha taa. Taa yenyewe sikuiona nilipoiweka chini.

Halafu nikamsikia. Alikuwa juu kidogo, karibu zaidi kuliko nilivyodhani. Aliita, "Engelbert, uko wapi?" Nikagonga ndoo. Akasema, "Ndoo siifuati, ita." Nilianza kupanda kumfuata, kwa mikono na magoti, nikishika majani. Nilikuwa namsikia anavyosogea, kokoto zinateremka, na nilijua kwa masikio yangu kuwa yuko upande usio wake. Nilijua alipo, naye hakujua nilipo.

Alidhani namlipizia. Si nilimwapia mara nyingi kwamba siku moja nitamlipa kwa ule utani wake wa kunyamaza? Alicheka kidogo. Akasema, "Ita basi, kaka, usinitanie." Baadaye akarudia, na hakuwa anacheka tena.

Kisha kulikuwa na kengele za ng'ombe tu. Asubuhi ukungu ulipofunguka tulimkuta chini ya genge, na yule mtamba amesimama kando yake mzima kabisa, anakula.

Unataka niseme si sisi. Siwezi, mwanangu. Maji yaliyomwagika hayazoleki, na kuyaita umande ni uongo. Ni mimi niliyejua na kuita. Ni wewe uliyejua na kuomba. Ningekuwa na sauti ningekugombeza mpaka mabonde yote yasikie, kisha ningelia, kisha yangeisha. Bila sauti hasira haina pa kutokea, imekaa. Ndiyo maana sikukutazama. Kule ng'ambo yule bwana anawasikilizisha watu sauti yangu sebuleni, wamekaa na kahawa yao. Sauti ile ilikuwa ya Luzi, ya jioni ile.

Wenye ng'ombe walikutana Jumapili. Wanafanya ilivyo desturi: mwaka ambao malisho yamechukua mtu, ng'ombe wanashuka bila maua, bila vioo, bila riboni, na zile kengele kubwa zinajazwa majani zisilie. Tutapita Triesenberg kimya. Mwambie tajiri wako kwamba aliowauzia nafasi hawataona kitu cha kupiga picha, na akiwaleta hata hivyo, wasimame mbali na barabara.

Wewe ukija, usije nao. Njoo Ijumaa, siku moja kabla ya kushuka, kwa miguu, ulale hapa. Nimepungukiwa mtu wa kutembea nyuma ya mitamba, pale alipokuwa akitembea Luzi. Fimbo yake iko mlangoni. Sitaweza kukuambia karibu, basi ukifika ingia tu.

Baba yako,
Engelbert